Kavira na Ukuta wa Mama Njogu

Siku ya kwanza Kavira alipofika kwenye kibanda changu aliniuliza kama nina sombe. Nikamuuliza sombe ni mdudu gani. Akaniambia ni majani ya muhogo, yanatwangwa, yanapikwa na mawese mpaka yanalainika. Nikamwambia, "Dada, hapa Kitengela majani yanakulwa na mbuzi. Watu wanakula githeri, mahindi na maharagwe." Wafanyakazi wakacheka. Yeye hakucheka wala hakununa. Alipokea sahani, akaila ile githeri kama mtu anayemeza dawa, akashukuru, akarudi kubeba maji. Kesho yake akaja tena, akala tena. Wiki ya pili akaomba aongezewe. Ndivyo alivyo yule mwanamke. Akishaamua jambo, hata ulimi wake haupewi nafasi ya kubisha.

Mimi naitwa Syokau, ingawa huku wote wananiita Mama Katee. Napikia watu wa mjengo. Nyumba ikianza kuchimbwa msingi nimeshafika na sufuria zangu, ikishaezekwa nahamia ploti nyingine. Kwa hiyo mafundi nawajua, pengine kuliko wake zao, na siwaonei haya. Fundi akiwa mvivu namwambia mbele ya chakula chake. Basi nikisema sijawahi kuona mtu mbishi kama Kavira, mjue si maneno ya kumpamba.

Alitoka Goma, kule Kongo. Baba yake alikuwa mjenzi aliyejaliwa mabinti watupu, na kwa kuwa hakuwa na mvulana wa kumshikia kamba, alimshikisha Kavira. Mji wao umekaa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto. Watu hujenga kwa mawe hayo hayo, juu ya mawe hayo hayo. Kavira alikua akijua kulipiga jiwe nyundo likapasuka pale anapotaka, na kulilaza juu ya jingine likatulia. Kisha vita vikaingia mjini. Hapo sitaeleza mengi kwa sababu mwenyewe haelezi. Ninachojua ni kwamba mumewe alitoka kutafuta unga na hakuonekana tena, na kwamba yeye alivuka Uganda na binti yake Solange hadi Nairobi. Nairobi ikawashinda kwa kodi, ndipo Wakongo wenzake wa kanisani wakawaleta Kitengela.

Sasa, kwa asiyejua mjengo, nitaeleza kitu kimoja. Kwenye mjengo kuna watu wa aina mbili. Kuna fundi, na kuna mtu wa mkono. Fundi anashika mwiko, anapanga mawe, anapiga kelele. Mtu wa mkono anabeba kila kitu kingine, na mshahara wake unajua kwamba yeye ni mtu wa mkono. Mwanamke akija kuomba kazi haulizwi anajua nini. Anaonyeshwa mtungi. Kavira alipowaambia manyapara kwamba yeye ni mjenzi, walimwuliza cheti kiko wapi. Cheti hakuna. Walipomsikia Kiswahili chake wakamwuliza tena, "Na kwenu Kongo wanawake hujenga nini, nyumba za nyuki?" Akabeba maji. Lakini alinitazama siku ile akaniambia, "Mama Katee, mi nitakuwa fundi hapa. Si Kongo. Hapa." Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekwambia atapitia dukani.

Bahati ikamjia kwa njia ya shirika moja lililokuwa likilipia watu masomo ya ufundi, nusu wakimbizi na nusu wenyeji, darasa moja. Vijana waliotoka kidato cha nne jana walijikuta wamekaa na mama wa watu, wakamwita "mathe". Mwalimu wao alikuwa Kaloki, Mkamba mwenzangu wa Makueni, mtu mkavu ambaye akikusifu unaenda kuwasimulia majirani. Kavira alifua nguo za watu asubuhi, akaenda chuo mchana. Karatasi zake za ukimbizi alikuwa nazo, na kibali cha kufanya kazi alikiomba, akakifuatilia, akafukuzwa dirisha hili akaenda lile, mpaka akakipata.

Hajamaliza hata nusu ya mafunzo, Mama Njogu akamsikia.

Mama Njogu jina lake ni Mumbi, mwanamke wa Murang'a aliyenunua ploti hapa na kufuga kuku wa mayai. Mdomo wake hauna breki. Alikuja mwenyewe mpaka kibandani kwangu, mwezi wa pili, jua likichoma mpaka mbwa wanasimama kwenye kivuli cha nguzo za stima.

"Wewe ndiye unaitwa Kavira? Skia. Mimi niko na kuku, na niko na wezi wa kuku. Nataka ukuta wa mawe nyuma yote."

"Nitajenga, mama."

"Mambo ya kuniambia utajenga, halafu nione umeniletea mtu mwingine, sitaki."

"Nitajenga mimi mwenyewe."

Walikwenda kuona mahali, nami nikawafuata kwa sababu sipendi kuhadithiwa. Kavira akachukua sururu akaipiga chini. Mnajua udongo wetu mweusi wakati wa kiangazi. Unakauka, unapasuka, unakuwa mgumu mpaka sururu inaruka na mikono inakufa ganzi. Kavira akapiga tena, akasikiliza, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

"Hapa iko jiwe, mama. Hatuchimbe sana."

Mtu wa Kitengela angecheka hapo hapo. Lakini huyu alizaliwa mahali ambapo ardhi nyeusi na ngumu maana yake ni mwamba, na hakuna mvua duniani inayoweza kuugeuza. Somo la udongo na misingi lilikuwa bado huko chuoni. Walikuwa wangali kwenye kuchanganya simiti na kupanga mawe. Na Mama Njogu naye kwao Murang'a udongo ni mwekundu, huu mweusi haujui. Aliposikia msingi mfupi, alisikia mawe machache, na uso wake ukanawiri. Mimi? Mimi ni mpishi. Nilidhani wao wanajua.

Ukuta ule ulikuwa mzuri, sitadanganya. Mawe yameshikana, mistari imenyooka, kona imesimama wima kama askari kwenye gwaride. Watu walipita wakageuka kutazama. Kavira alilipwa kama fundi kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka. Alimnunulia Solange viatu vya shule, na Jumapili akaja kwangu na bakuli la sombe aliyoitafuta mpaka akaipata kwa mwanamke mmoja wa kanisani. Nikaila. Ni tamu, na sitaki mtu yeyote wa Kitengela ajue nilisema hivyo.

Kisha mvua ya mwezi wa nne ikaja.

Udongo mweusi ukinywa maji haulowi tu, unafura. Unajiinua kama unga wa mandazi ulioachwa karibu na moto, na chochote ulichoweka juu yake unakiinua nacho, huku zaidi, kule kidogo. Ukuta wa Kavira ulianza kwa ufa mwembamba kama unywele. Baada ya siku chache ungeweza kupitisha kidole. Halafu asubuhi moja tukasikia kishindo, na Mama Njogu akasikika akimwita Mungu kwa Kikuyu. Kipande kizima cha nyuma kilikuwa kimelala juu ya banda la kuku.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mwenye ploti hapa analijua. Kazi ikiharibika Kitengela, fundi naye anaharibika. Simu haishiki. Laini imebadilishwa. Ukimtafuta rafiki yake, atakwambia jamaa alikwenda kwao kumzika shangazi, na huyo shangazi keshazikwa mara nyingi mpaka kaburi limechoka. Hata hawamlaumu sana. Imekuwa kama desturi. Mwenye ploti hulaani, hutafuta fundi mwingine, maisha yanaendelea. Basi kufikia saa ya chai watu kwenye kibanda changu walikuwa wanawekeana dau la chapati. Saning'o, anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, alisema Kavira keshafika Rongai. Mwingine akasema Kampala. Mimi sikuweka dau. Chapati ni zangu, yeyote akishinda nimeuza.

Na kweli kulikuwa na njia. Dada mmoja wa kanisani kwao alikuwa amempigia simu. Alimwambia aende Kware, kule Ongata Rongai, nyumba zinajengwa kila kona na hakuna anayemfahamu, aanze upya. Chumba cha kulala na Solange kipo. Kavira alinieleza hayo baadaye.

Chapati zangu hazijaisha kwenye sahani, tukamwona anakuja. Amejifunga kikwembe juu ya suruali, sururu begani, matope mpaka magotini. Alitusalimia, akapita. Saning'o akabaki na tonge mdomoni. "Woi! Huyu mama ana wazimu?" akauliza. Nikamwambia alipe chapati.

Mama Njogu alikuwa amesimama kwenye kifusi amemshika miguu kuku aliyekufa. Sitaandika yote aliyoyasema. Haya tu: "Ulikimbia kwenu, ukaja kumaliza kuku wangu! Nitaenda huko chuo yenu. Nitaenda kwa chifu. Hakuna mtu Kitengela atakupatia hata jiwe ya kukalia!"

Kavira alingoja. Alingoja mpaka pumzi ya Mama Njogu ikakata, kisha akasema, "Mama, nimekosa mimi. Si mvua, ni mimi. Nitabomoa iliyobaki. Nitachimba, nitajenga tena. Usinilipe kazi. Unipe tu nafasi."

"Nafasi ya kuua wale wengine?"

"Nafasi ya kurudisha ukuta yako."

Mama Njogu akamhamishia kuku mkono wa pili. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukana, au wa kulia, au wa kukimbia, na huyu hakuwa yeyote kati ya hao. "Mawe ni haya haya yameanguka," akasema mwishowe. "Sinunui ingine. Na nitakuwa nakuangalia." Akaingia ndani na kuku wake.

Mwalimu Kaloki alipopata habari hakupiga simu. Alikuja, na alikuja na darasa lote. Aliwapanga vijana kando ya kifusi, akamwambia Kavira, "Waeleze."

Nilitamani kumtupia mwiko wa ugali. Unamwaibishaje mtu hivyo mbele ya watoto? Lakini Kavira alipanda juu ya mawe akaeleza. Aliwaonyesha msingi wake ulioishia karibu kabisa na juu. Aliwaonyesha jinsi udongo ulivyosukuma. "Kwetu ardhi nyeusi ni jiwe," akasema. "Mi niliona hii iko nyeusi, iko nguvu, nikasema ni jiwe. Sikuuliza mtu. Ningeuliza hata mama wa githeri, angeniambia."

Kijana mmoja, Ndeti, akacheka. "Kwani mathe hujui udongo wa black cotton? Si hata mtoi anajua hiyo."

"Ndiyo," Kavira akamjibu. "Wewe ulizaliwa na hii udongo. Mimi nilizaliwa na jiwe. Ukienda kwetu utauliza mimi."

"Ndeti," Mwalimu Kaloki akasema, "kama unaijua, shika sururu utuonyeshe inaishia wapi."

Ndeti alichimba. Akavua shati, akachimba. Aliposimama kwenye shimo tukaona kichwa tu, na udongo ulikuwa bado mweusi. Kaloki akamgeukia Kavira, akamwambia aendelee mpaka udongo ubadilike rangi na sururu ilie vingine, hapo ndipo ardhi ngumu ilipo, na asiweke hata jiwe moja kabla. "Na hii ni urefu wote wa ukuta," akasema. "Si kona tu." Kisha akawachukua wanafunzi wake wakaenda. Mama Njogu akalalamika kwamba wamemkanyagia sukuma wiki yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Kavira alifua nguo asubuhi, akaenda chuo, akaja kuchimba hadi giza lianze kuingia. Udongo wa mvua unashika jembe haulitoi. Kila hatua alikuwa anabeba Kitengela nzima kwenye viatu vyake vya gambuti. Mvua ikinyesha mtaro unajaa, anateka maji kwa karai kwanza ndipo achimbe. Chakula nilimpa, na kwa kuwa hapendi vya bure, alinioshea sufuria. Mafundi wengine walipita wakamwambia aache ujinga, atie mawe, afunike, mvua ijayo atakuwa mbali. Ushauri huo walimpa kwa nia njema kabisa.

Siku moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa mtaro. Upande mmoja ulikuwa umebomoka na kujaza kazi ya siku nyingi. Alikuwa analia, si kwa kujificha, analia kama mtoto, mikono imejaa tope hata machozi hawezi kuyafuta. Nikamfuta kwa leso yangu.

"Nimechoka, Mama Katee. Nilikimbia vita. Hii udongo siwezi kuikimbia?"

"Unaweza," nikamwambia. "Barabara iko hapo, na magari ya Rongai hayajaisha." Nilisema kwa hasira, kwa sababu nilikuwa namhurumia na huruma ikinizidi mimi hugomba.

Ndipo akaniambia habari za Kware na kile chumba. Nikadhani ananiaga. Akavuta kamasi, akatazama lile shimo.

"Kule hawanijui kabisa," akasema. "Hapa bananijua vibaya. Heri hapa. Hapa kuna mahali pa kuanzia." Akashuka tena mtaroni.

Moyo uliniuma, na wakati huo huo nilijisikia fahari, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Alifika. Mchana mmoja sururu ililia kweli, mlio mkavu, na chini pakawa na rangi ya kahawia iliyofifia, ngumu. Aliniita niende kuona, akamwita Mama Njogu pia. Mama Njogu alichungulia akauliza kama anatafuta maji. Kuanzia pale alijaza msingi kwa vile vipande vya mawe vilivyovunjika, akavigonga mpaka vikakaa. Akaacha matundu ya kupitisha maji na nafasi ndogo kati ya kipande cha ukuta na kingine, kama Kaloki alivyomfundisha, ili udongo ukijinyoosha usikute ukuta umekaza shingo. Mawe ya juu hayakutosha. Alitaka kuomba, akaona haya. Asubuhi moja akakuta rundo la mawe limemwagwa langoni, na Mama Njogu akasema kwa ukali kwamba yalikuwa yanamzibia njia na ayatumie haraka yaondoke.

Ukuta ukasimama. Haukuwa umenyooka kama ule wa kwanza, maana mawe mengine yalikuwa na makovu, ila ulikuwa umeshika chini. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikaja, nzito kuliko ile. Ukuta wa jirani ukapata ufa. Lango la ng'ambo likakataa kufunga. Kila asubuhi Mama Njogu alitoka na mwavuli, akausukuma ukuta wa Kavira kwa kiganja, akarudi ndani. Hakusema neno. Si asante, si pole. Mvua ya mwaka uliofuata nayo ikaja ikapita, na yeye kimya. Hilo lilinikera kuliko matusi yake.

Katikati ya hayo Kavira alifanya mtihani wa serikali wa ufundi akapita, na cheti akakipata. Alikitia kwenye karatasi ya plastiki akaenda nacho mjengo baada ya mjengo. Manyapara walikisoma, wakamrudishia, wakamwonyesha mtungi. Mmoja alimwambia, "Si wewe ndiye wa ukuta wa kuku?" Mchungaji wao alimpa kazi ya kujenga ngazi za kanisa, akaimaliza vizuri, lakini ngazi za kanisa hazilishi mtoto. Alibeba maji tena. Nilimwona akiyabeba huku anatazama mikono ya mafundi, na mara nyingine midomo yake ikisogea akiwasahihisha bila sauti.

Mwaka huu nikaitwa Kajiado. Mkandarasi mmoja anaitwa Kiragu alikuwa anajenga zahanati nje kidogo ya mji na alitaka mpishi. Nikamwuliza kwa simu kama anataka mafundi pia. Akasema wawili wamemtoroka. Nikamwambia Kavira afunge kikwembe chake twende.

Kiragu ni mtu wa tumbo mbele na simu mbili. Alikagua kadi ya ukimbizi, akakagua kibali, akarudisha vyote. Alipofika kwenye cheti akacheka.

"Cheti naona. Hata shemeji yangu ako na cheti, na choo alinijengea imelala kama mlevi. Nipe namba ya mtu umemjengea. Nitamwuliza mwenyewe."

Kavira hakufikiri hata kidogo. Akataja namba, na mimi nikaitambua, ya Mama Njogu. Nikamvuta kikwembe.

"Mpe ya pasta!" nikamnong'oneza. "Huyo atakumaliza!"

"Pasta anasema vizuri juu ya kila mtu," akanijibu. "Huyu hajui kudanganya."

Kiragu akaweka simu kwenye spika, juu ya mfuko wa simiti, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na vumbi. Ikalia, ikalia. Nikawa naomba isishike.

"Hallo? Ni nani?"

"Mama, naitwa Kiragu, najenga huku Kajiado. Niko na mama hapa anaitwa Kavira. Anasema alikujengea."

"Alinijengea."

"Kazi yake ilikuwa aje?"

"Mbaya. Ukuta ilianguka ikaniulia kuku."

Vijana waliokuwa wakikoroga zege wakasimamisha koleo zao. Kiragu alimtazama Kavira. Kavira hakumtazama mtu. Alikuwa ameikazia macho ile simu, amesimama wima, mikono imekaa ubavuni. Mimi nilitamani kuitupa kwenye sufuria na kuifunika.

"Basi asante, mama, hiyo inatosha," Kiragu akasema.

"Inatosha aje na sijamaliza? Wewe mwanaume uko na haraka ya nini? Mimi nimejengewa na mafundi tangu nihamie hapa. Wa tangi, wa choo, wa geti, wa mabati. Wote waliharibu, na hakuna hata mmoja simu yake inashika. Huyo ndiye peke yake kazi yake ilianguka na akarudi. Alirudi nikimtukana. Alichimba mpaka nikaogopa atatokea Tanzania. Mvua imenyesha, imenyesha tena, na ukuta iko, niko nayo hapa, naiangalia. Sasa wacha nikuulize, Kiragu. Wewe yako ikianguka, utarudi?"

Kiragu akapangusa vumbi mikononi.

"Nimekuuliza."

"Nitarudi, mama."

"Haya. Andika huyo mama kazi. Na umlipe kama fundi, nitauliza."

Simu ikakatika. Nilimgeukia Kavira nikaona machozi yanamtoka bila uso wake kubadilika, yanashuka tu, na hakujishughulisha kuyafuta. Kiragu akasafisha koo. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba aje kesho asubuhi.

"Kesho ya nini?" Kavira akauliza. "Jua bado iko."

Akapita kati ya wale vijana, akashuka kwenye mtaro wa msingi, akapiga magoti. Alikwangua chini kwa mkono, akachukua udongo akausugua kwenye kiganja, akaukwangua tena mahali pengine. Kisha akainua kichwa.

"Hapa bado," akasema. "Ongezeni kuchimba."

Vijana wakamtazama Kiragu. Kiragu akaitazama ile simu juu ya mfuko wa simiti, akajifuta jasho.

"Mmesikia fundi," akawaambia. "Chimbeni."

Mimi nikaenda kuwasha moto, maana watu wanaochimba hula sana.